NANI ASHIKAYE MIZANI?

Wanachama wenzetu, wako miongoni mwetu wasemao kwamba mambo ya bara hayatuhusu, na kwamba gazeti dogo kama hili, ambalo karatasi zake ni za kuhesabu, lisipoteze wino kwa khabari za bonde la mbali kama Kilombero. Sisi hatukubaliani nao. Atakaye kujua jinsi nguvu na matabaka yanavyopangwa katika nchi za kibepari hana haja ya kufunga safari hadi London wala Chicago. Na ateremke Kidatu, apite Mang'ula, afike Ifakara, aangalie miwa na mpunga; kisha arudi Unguja na Pemba aitazame mikarafuu yetu kwa macho mapya.

Bonde hilo ni neema ya Mwenyezi Mungu. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande wa pili nchi ya juu ya Mahenge, na katikati mto ambao kila masika hufurika na kuacha udongo wenye rutuba. Wandamba, Wambunga na Wapogoro wamelima mpunga humo tangu enzi za mababu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yapita hapo hapo. Umeme wa Kidatu na wa Kihansi hutokana na maji yashukayo pembezoni mwake, ukaenda kuwasha taa za miji ya mbali. Basi ikiwa ardhi ipo, maji yapo, umeme upo na reli ipo, mbona anayeinama shambani ndiye wa mwisho kunufaika?

Jawabu tulilozoeshwa ni kwamba mali imo mikononi mwa wageni, na ikirudi kwa wenyewe shida itakwisha. Jawabu hili lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na Kilombero ni shahidi.

Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa fedha za mashirika makubwa ya nje, likiwamo lile la Waingereza la kuendeleza makoloni yao, na uendeshaji wake wakapewa Waholanzi wa kampuni ya HVA, ambao mashamba yao makubwa ya Indonesia yalikuwa yametaifishwa muda mfupi kabla. Bwana aliyefukuzwa mlango huu akaingilia mlango mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikakitwaa kiwanda, na katika miaka ya 1970 kikajengwa cha pili, ng'ambo ya Ruaha. Wananchi wakaambiwa: sasa hii ni mali yenu.

Lakini mwenye mali huulizwa. Je, aliulizwa nani? Vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha vunjwa mwaka 1964, ikaundwa NUTA peke yake, na katibu wake mkuu akawa ndiye waziri wa kazi. Mtu mmoja akakaa pande zote mbili za meza! Na mwaka 1986, kiwanda kikiwa mali ya umma na nchi ikijiita ya kijamaa, wafanyakazi wa Kilombero waliogoma walifyatuliwa risasi na polisi, na baadhi yao wakafa. Tunaomba kila mwanachama aisome sentensi hiyo mara ya pili. Hapakuwa na kabaila wala mlowezi aliyetoa amri ile. Bwana alikuwa amebadilika jina. Aliyekuwa chini alibaki chini.

Mwaka 1998 gurudumu likarudi lilikotoka. Kiwanda kikauzwa: asilimia 55 wakachukua Illovo wa Afrika ya Kusini, asilimia 20 wafanya biashara wa sukari wa ED&F Man, na robo iliyosalia ikabaki kwa serikali. Illovo nayo sasa ni mali ya Associated British Foods, kampuni ya London. Hivyo serikali ile ile itungayo sheria ya sukari ni mshirika katika faida ya sukari. Mkulima akidhulumiwa na kampuni, humpelekea mashtaka mbia wa kampuni.

Sasa tuitazame nguvu yenyewe inakokaa, kwani haikai katika hati peke yake. Wakulima wadogo wanaoizunguka Kidatu wana mashamba yao wenyewe na miwa yao wenyewe. Kwa maneno ya vitabu, hao ni wenye mali. Lakini muwa ukishachomwa na kukatwa huanza kupoteza sukari yake, na baada ya siku chache hauna thamani. Viwanda vya kuupokea ni vya kampuni hiyo moja. Kiwanda ndicho kipangacho zamu ya kuvuna, ndicho kifunguacho lango, ndicho kipimacho uzito, na ndicho kisemacho utamu wa muwa ni kiasi gani. Mashine ikiharibika au mvua ikiwahi, muwa uliobaki shambani ni hasara ya mkulima. Kiwanda chaweza kungoja, muwa hauwezi. Na katika nchi ya kibepari, ndugu zetu, awezaye kungoja ndiye bwana wa asiyeweza.

Kanuni hiyo hiyo yafanya kazi katika mpunga wa Ifakara, ingawa huko hakuna kiwanda kimoja kishikacho kila kitu. Mkulima huishiwa chakula na fedha wakati wa palizi. Huja mwenye fedha akamkopesha, na malipo ni magunia wakati wa mavuno, wakati ambapo bei iko chini kabisa. Mwenye ghala huyaweka mpaka bei ipande. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile. Mmoja alilima, wa pili alingoja, na aliyengoja ndiye aliyejenga.

Wala tusidhani kwamba wakulima wote ni kitu kimoja. Yuko mwenye eka mbili na yuko mwenye eka mia. Mara nyingi huyu wa mia ndiye asemaye kwa niaba ya wote, naye ana lori, ana jamaa ofisini, na muwa wake haulali shambani. Chini yao wote yuko mkata miwa, mtu aliyetoka mkoa wa mbali, mwenye panga na masizi mwilini, ambaye msimu ukifungwa hana hisa wala shamba. Yeyote azungumzaye juu ya "wananchi" bila ya kumtaja huyu, amekwisha chagua upande.

Tena liko shamba la Mngeta, hekta zaidi ya 5,000. Mwaka 1986 lilianzishwa kwa ubia na Wakorea wa Kaskazini. Ubia ule ukafifia, na wanavijiji wakaingia kulima. Mwaka 2008 likaingia mikononi mwa kampuni ya wawekezaji wa Ulaya, na waliokuwa wakilima wakatakiwa wapishe. Ulipotangazwa mpango wa SAGCOT mwaka 2010, shamba hilo lilitajwa kuwa mfano wa kuigwa. Hazikupita hata miaka kumi kampuni ikalemewa na madeni. Wakubwa wakafunga vitabu vyao wakaenda zao. Aliyehamishwa hakuwa na kitabu cha kufunga. Kamba hukatikia pabovu.

Kwa nini tunayaandika haya kwa watu wa visiwani? Kwa sababu sisi tuliionja kanuni hii zamani. Katika miaka ya 1930 mwenye shamba la mikarafuu aliiweka rahani karafuu iliyo bado mtini, kwa sababu hakuweza kungoja. Wakoloni wakakipa chama cha wakulima wa karafuu nguvu ya sheria mwaka 1934, na mwaka 1937 biashara yote ikatiwa mkononi mwake kwa jina la kumwokoa mkulima. Ukazuka mgomo mkubwa wa wafanya biashara wa Kihindi hata yakafanywa mapatano mwaka 1938. Katika vita vile vya serikali na matajiri, mchumaji aliyepanda juu ya mti hakuitwa mezani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligaiwa eka tatu tatu, na mnunuzi wa karafuu akawa mmoja kwa sheria, naye ni shirika la serikali. Mti ukawa wa mkulima. Mizani haikuwa yake.

Basi wanapokuja watu matawini, wawe wa serikali au wawe wa chama chetu wenyewe, wakaahidi kiwanda, hoteli au mwekezaji, au wakaahidi kuwatoa wageni na kuwaweka wenyeji, msipige makofi kwanza. Ulizeni. Nani atashika mizani, na nani atamkagua? Vitabu vya hesabu vitasomwa mbele ya nani? Mkulima akiikataa bei, ana pa kuipeleka mali yake? Mfanyakazi akigoma, ana chama alichokichagua mwenyewe, au katibu wake hula na waziri? Na mpango ukianguka, nani atabeba hasara?

Tunajua baadhi ya viongozi wetu hawatafurahi kwa kuwa tumesema "chama chetu wenyewe". Lakini chama cha upinzani kisichoweza kujiuliza maswali haya kabla hakijashika dola hakitayauliza baadaye, kwani kiti kikishakuwa laini, mwenye kukikalia husahau waliosimama. Waliouawa Kilombero mwaka 1986 hawakuuawa na jina la ubepari. Waliuawa chini ya serikali iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi, na ambayo haikuwa imempa mkulima wala mfanyakazi mahala pa kusema hapana.

Mizani ikiwa mkononi mwa mmoja, hata akiwa ndugu yetu, uzito atausema yeye.