Mbwa Uliyemlea Usimwache Ufukweni Ukapanda Ndege



Leo hatusemi habari ya lesi wala ya piko. Leo tuna neno zito, na tunajua wapo watakaokunja uso tangu mstari wa kwanza: tunasema habari ya mbwa. Tunasema na kila anayejitayarisha kuhamia ng'ambo, awe bibi harusi anayemfuata mumewe au familia nzima inayofunga nyumba, na uani kwake yupo mbwa aliyezoea kulishwa naye. Mbwa uliyemfuga ni dhamana yako. Ama unaondoka naye kwa utaratibu, ama unamkabidhi kwa mtu anayejulikana kabla hujaondoka. Kumwachia ufukweni ukapanda ndege ni dhulma, na kuivisha dhulma hiyo kanzu ya dini ni dhulma ya pili.

Sisi ni watu wa cherehani. Bibi harusi akija kupimwa hataji kiuno na mikono tu. Akisimama mbele ya kioo nusu saa husema yote. Kwa hivyo tunazijua nyumba za Paje, Jambiani na Nungwi ambako mume ni mgeni aliyesilimu, mbwa wawili wamelala barazani na tiketi za Ujerumani au Italia zimeshakatwa. Tunazijua na nyumba za mjini ambako mbwa aliletwa kulinda duka au ghala, na sasa mwenye duka anahamia Uingereza. Tukiuliza, "Na mbwa je?", majibu ni matatu, na tumeyasikia mpaka tumeyachoka. "Mbwa ni najisi, hatuna dhambi." "Atajitafutia." "Muda haupo." Tuyachukue moja moja.

"Mbwa ni najisi"

Wengi wetu hapa visiwani ni Mashafii, na hatuna nia ya kumbadilishia mtu madhehebu yake. Mate ya mbwa tunayaosha mara saba, moja kwa udongo. Kumfuga kwa mchezo tu masheikh wetu hawakuruhusu, na hadithi za malaika na za kupungukiwa thawabu kila siku tunazijua tangu chuoni. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wamevuliwa katika katazo hilo, na wanazuoni wengi wamemtia humo na mbwa wa kulinda nyumba. Wamaliki wao humhesabu mbwa kuwa tohara. Mwenye swali lake akamuulize sheikh wake, sisi si mamufti.

Lakini hukumu ya kuosha chombo ni hukumu ya chombo. Haimpi mtu ruhusa ya kumuua kiumbe kwa njaa. Dini hii hii imetuhadithia mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ale vya ardhini. Na dini hii hii imetuhadithia mwanamke wa Bani Israili, mwenye dhambi inayojulikana, aliyemuona mbwa anakaribia kufa kwa kiu. Akavua kiatu chake, akakifunga kwa ushungi wake, akamtekea maji kisimani, akasamehewa. Ushungi, dada zetu! Kitambaa hicho hicho tunachokipiga pindo kila siku. Hadithi zote mbili zimo katika Sahihi ya Bukhari. Na Surat al-Kahf tunayoisoma kila Ijumaa imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, naye hakutajwa kwa ubaya.

Wapo wenye ujanja watakaosema: "Yule alimfungia paka wake, mimi nimemfungulia mbwa wangu." Hapana. Mbwa uliyemwekea bakuli asubuhi na jioni kwa miaka minne umeshamfunga kwa mazoea. Hajui kutafuta. Atakaa mlangoni pa nyumba tupu akikungoja, na wewe uko Munich unapiga picha za theluji.

Tena tuseme kweli. Miaka yote hiyo alipolinda nyumba usiku, wezi wakapita mbali, hakuwa najisi? Udhu wako ulikuwa haukushughulishi? Najisi imekumbukwa siku ya kufunga mabegi.

"Atajitafutia"

Atajitafutia wapi? Ukanda wa mashariki wa Unguja una hoteli kwa hoteli, na mbwa asiye na mwenyewe hula majalalani nyuma ya majiko yao. Hupigwa mawe na kugongwa na pikipiki. Akiwa jike ambaye hakufungwa uzazi, ukimwacha mmoja umewaacha wengi. Anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wake wote watazaliwa mitaani bila chanjo.

Hapo ndipo jambo linapotoka kwa mbwa na kuingia kwa wanadamu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna kupona, na kwa watu kinaletwa zaidi na mbwa. Dawa yake ni chanjo, ya mbwa kabla hajauma na ya mtu mara tu anapoumwa, baada ya jeraha kuoshwa kwa maji na sabuni dakika 15. Pemba wamefanya kazi kubwa ya kuchanja mbwa ili kuutokomeza ugonjwa huu, kijiji kwa kijiji. Mbwa wako uliyemchanja mwaka jana, ukiondoka, nani atamrudishia chanjo? Kinga ikimwishia, anayekutana naye alfajiri njiani si wewe. Ni mtoto wa jirani anayekwenda chuoni na juzuu yake mkononi. Utasemaje kuwa hiyo si dhima yako?

Na wageni nao wasikie, maana baadhi yao wanasoma Kiswahili na wengi wameoa kwetu. Mnaokota kitoto cha mbwa ufukweni kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Miaka miwili baadaye mkataba wa kazi unaisha, mnamwacha kwa mlinzi wa usiku pamoja na magodoro mabovu na friji iliyokufa. Mlinzi mwenyewe ana watoto wa kulisha. Mnayemwita rafiki yenu mmemfanya mzigo wa maskini.

"Muda haupo"

Hili ndilo jibu linalotukera kuliko yote, kwa sababu muda ulikuwapo. Gauni la nikaha mlilileta miezi miwili kabla, hina ikawekewa ahadi mwezi kabla, singo siku saba. Mbwa akakumbukwa wiki ya safari. Hesabu yake ni hii, ikateni mkaibandike mlangoni mwa kabati.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Ulaya inazilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Kwa hivyo anayekwenda Ujerumani, Italia au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anafuata hatua zote. Kwanza mbwa atiwe chipu chini ya ngozi, kisha achanjwe. Siku moja inawezekana, lakini chipu itangulie. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Baada ya siku zisizopungua 30 atolewe damu, ipelekwe maabara iliyoidhinishwa na Ulaya ipimwe kinga, na kiwango kisipungue IU 0.5 kwa mililita. Kisha kuna kungoja miezi mitatu kamili tangu siku ile ya kutolewa damu. Halafu cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa Serikali, kinachotolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika. Mbwa na mwenyewe wasipishane safari zaidi ya siku tano, na mtu mmoja asizidishe wanyama watano.

Jumlisheni. Akichanjwa Machi mosi, damu ni mwanzoni mwa Aprili, na kungoja kunamalizika mwanzoni mwa Julai. Hiyo ni miezi minne kama kila kitu kimekwenda sawa. Damu ikichelewa njiani au kinga ikiwa ndogo mnarudi nyuma. Sisi tunasema miezi sita.

Uingereza nayo inataka chipu, chanjo, damu na miezi mitatu, kisha inaongeza dawa ya minyoo ya tegu inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Akitoka kwetu kwa ndege huingia kama mzigo, hakai miguuni mwenu. Mbwa wa aina ya pit bull hawaruhusiwi kabisa. Marekani, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa mwenye umri chini ya miezi sita, na anayetoka nchi yenye kichaa cha mbwa kama yetu, akiwa amechanjwa huku, anahitaji karatasi zaidi na nafasi iliyowekwa mapema katika kituo maalumu cha kumpokea. Masharti hubadilika, basi muulizeni daktari wa mifugo na ubalozi siku mnapopanga tarehe ya nikaha, msingoje siku ya kukata tiketi.

Kisha kuna sanduku la safari. Mbwa lazima aweze kusimama, kugeuka na kulala humo, hewa ipite, maji yawepo. Mzoesheni wiki nyingi kabla, ale na kulala humo. Msimpe dawa ya usingizi kwa kudhani mnamsaidia, mashirika mengi ya ndege humkataa mbwa aliyeleweshwa. Mwenye pua fupi hupumua kwa shida, na joto letu la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ni hatari kwake.

Hakuna hata hatua moja hapo inayohitaji elimu kubwa. Sisi tumesoma skuli ya sekondari na kozi ya ushonaji, tumefahamu. Inahitaji kalenda tu.

Asiyeweza kwenda naye

Hatusemi kila mbwa apande ndege. Mbwa mzee, au mbwa wa shamba aliyezoea kukimbia minazini, kumtia katika fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tano huenda nako kukawa kumuonea. Na gharama si ya kila mtu. Wapo watakaotuuliza: watu wanakosa chakula, nyinyi mnatushughulisha na mbwa? Hatukuombeni sadaka ya maskini mkampe mbwa. Tunakuombeni mmalize deni mlilolifungua wenyewe, kwa mali yenu wenyewe.

Basi mkabidhini kwa mwenye haja naye: mwenye shamba, mwenye mbuzi, mwenye ghala. Awe amechanjwa, amefungwa uzazi, na karatasi zake zitolewe mkononi. Mpeni mpokeaji fedha za chakula za miezi ya mwanzo. Mfanye hivyo miezi miwili kabla ya safari, ili mkiona hatunzwi muweze kumtafutia pengine. Anayekabidhiwa mbwa asubuhi ya uwanja wa ndege hakukabidhiwa, ametupiwa.

Kwa bibi harusi peke yake

Dada yetu, somo wako atakufundisha mengi, lakini hili pengine hatalisema. Kama mchumba ana mbwa, huku au huko uendako, liseme kabla ya nikaha, mbele ya walii wako, bila haya. Mbwa atalala wapi? Chumba cha kusalia kitakuwa kipi, naye asiingie? Nani atamtoa nje asubuhi ya baridi wakati wewe unajitayarisha kwa alfajiri? Ujerumani mbwa hulipiwa na kodi ya mji, nani atalipa? Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, lakini pua iliyolowa kwenye buibui lako ni kazi ya maji mara saba. Yasemwe yote haya mapema.

Ukisema huwezi kuishi na mbwa, ni haki yako, na mwanamume mwenye heshima atalipanga jambo hilo kwa wakati. Lakini usikubali kwa tabasamu siku ya posa, kisha siku ya kufunga mabegi ukasema, "Ama mimi ama mbwa." Hapo unamlazimisha mumeo aanze ndoa kwa dhulma, na mbwa ndiye anayelipa.

Na nyinyi mama zetu na mawifi, msimcheke msichana anayezunguka kwa daktari wa mifugo na karatasi za mbwa wakati wenzake wanachagua udi. Msimuite aliyepotea dini. Anatimiza dhamana, na dhamana hazichagui sura. Atakayekuwa mwaminifu kwa kiumbe asiyeweza kumshitaki, huyo ndiye wa kuaminiwa na mume, na watoto, na nyumba ya ugenini.

Mwenyezi Mungu awabariki mnaoondoka, awape nyumba zenye utulivu, na atujaalie tusiondoke mahali tukaacha nyuma yetu kinachotulilia. Amin.

Wabillahi tawfiq.