Moshi Peke Yake Hautoshi, Chemsheni Maziwa

Wapenzi wa maziwa ya ngamia, kuanzia Garissa na Wajir hadi Eastleigh jijini Nairobi, huisifu sana ile harufu yake ya moshi. Wafugaji hufukiza vyombo kwa vijinga vya moto kabla ya kukamua, na wengi huamini kuwa chombo kikishafukizwa, maziwa hayahitaji kuchemshwa. Imani hiyo ina nusu ya ukweli tu, na nusu iliyobaki yaweza kumlaza mtu kitandani.

Moshi wa kuni una kemikali iitwayo fomaldehaidi. Ikiyeyushwa majini huitwa fomalini, ile inayotumiwa kuhifadhi maiti. Kemikali hii hushika protini za bakteria na kuzikaza, wengi wakafa. Ndiyo sababu mojawapo maziwa ya chombo kilichofukizwa hukawia kuchacha.

Lakini bakteria nao wana kinga yao. Fomaldehaidi kidogo huzalika hata ndani ya miili yao, hivyo wengi wanayo njia ya kuiondoa. E. koli, kwa mfano, huinasa kwa kitu kidogo kiitwacho glutathaioni, kisha vimeng'enya viwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, isiyo na makali hayo. Moshi ukiwa hafifu, sumu humalizwa na bakteria wakaendelea kuzaana.

Isitoshe, moshi hugusa chombo tu. Haumfikii kijidudu anayetoka kwenye kiwele cha mnyama mgonjwa. Hapo ndipo ilipo hatari ya brusela: homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, viungo kuuma. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa isiyowafaa.

Je, tutie fomalini kwenye maziwa? Hasha! Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha fomaldehaidi miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sisemi mila ya kufukiza iachwe. Ina faida na ladha yake. Nasema isibebeshwe mzigo usioiweza. Moto wa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30 huua vijidudu vya brusela, na kuchemsha kabisa ni rahisi zaidi jikoni. Serikali za kaunti nazo ziwasaidie akina mama wauzaji kupata makopo ya chuma yanayosuguika, badala ya mitungi ya plastiki yenye shingo nyembamba, pamoja na vituo vya kupoza maziwa.

Mnunuzi wa mjini, usidanganywe na harufu. Bandika sufuria kwanza.