Dawa Isiyo na Madhara Haipo

Dawa ya miti haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Usemi huu unatoka kwenye kipaza sauti cha muuzaji pale stendi, unaandikwa kwenye vibandiko vya chupa, unarudiwa kanisani, msikitini na kwenye vikao vya harusi. Wanaoushikilia zaidi ni wenye maumivu ya viungo: bibi anayeshindwa kuinuka kwenye kigoda, mkulima aliyevimba magoti, fundi cherehani ambaye vidole vyake havikunjiki asubuhi. Nasema usemi huu ni uongo, tena uongo unaoharibu figo, matumbo na maini ya watu.

Sisemi mimea haina nguvu. Inazo, na ndiyo maana inaweza kudhuru. Liko ua la Ulaya liitwalo Colchicum autumnale, ambalo limetibu jongo tangu enzi za Bizanti. Kolchisini inayotokana nalo hutolewa hospitalini hadi leo, lakini kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua pana nafasi ndogo mno. Huku kwetu upo mtandamboo, ambao Wamasai huchemsha mizizi yake kwa ajili ya viungo, na ambao mwaka 2011 uliwavuta maelfu ya watu kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Katika jamii hiyohiyo ya mimea kuna Acokanthera, mti unaofanana nao sana, ambao Wagiriama na Wakamba waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Yote miwili ni ya asili. Anayechimba mizizi bila kuitofautisha anacheza na roho za watu.

Na wataalamu nao hukosea. Mapema miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito mjini Brussels iliwapa wanawake vidonge vilivyotakiwa kuwa na mmea wa Kichina uitwao Stephania tetrandra, ambao Wachina huutumia pia kwa maumivu ya viungo. Ndani yake ulikuwa umeingia mmea mwingine wenye jina linalokaribiana kwa Kichina, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Wengi walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hayo yalitokea kwenye kliniki yenye madaktari. Chupa ya stendi isiyo na jina la mmea, kipimo wala tarehe, ina ulinzi gani?

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya makusudi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King kama kirutubisho cha mimea. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, dawa za viwandani ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Diklofenaki huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na mtu akiiacha ghafla anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo ukiona maumivu ya miaka mingi yametoweka kwa siku mbili, usikimbilie kuusifu mti. Shuku kilichochanganywa humo.

Watetezi watauliza: mbona dawa za hospitali nazo zina madhara, tena yameandikwa kwenye karatasi? Ni kweli, na yameandikwa kwa sababu kuna waliofuatilia wagonjwa na kuyahesabu. Chupa isiyotaja madhara haijathibitisha kuwa ni salama. Inatuambia tu kwamba hakuna aliyefuatilia. Hata manjano ya jikoni, yakigeuzwa vidonge vyenye nguvu, yaliifanya mamlaka ya dawa ya Australia itoe tahadhari mwaka 2023 kuhusu madhara ya ini.

Isitoshe, maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Jongo, baridi yabisi, kusagika kwa magoti, selimundu kwa mtoto, kifua kikuu cha mifupa: kila mmoja una njia yake. Baridi yabisi isipodhibitiwa mapema kwa dawa kama methotreksati hula viungo, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Miezi inayopotea kwenye chupa ndiyo inayomgeuza mtu kuwa kilema.

Najua hospitali ziko mbali na gharama zinaumiza. Lakini umaskini wa mgonjwa si kibali cha kumdanganya. Mganga wa kweli wa zamani aliujua mti kwa jani na gome, akapima, akamkataza mjamzito. Hakudai kuwa dawa yake haidhuru mtu. Muhimbili ilikuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, na Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002. Anayeiheshimu mitishamba aiheshimu hivyo: ipimwe, isajiliwe, iandikwe jina la mmea, kipimo na tahadhari. Wakaguzi waingie stendi na sokoni, wachukue chupa za viungo wakazipime maabara, na matokeo yatangazwe kwa majina.

Nawe mwenye maumivu, pimwa kwanza ujue unaumwa nini, kisha mtajie daktari kila mzizi unaokunywa. Na muuzaji akikuambia dawa yake haina madhara, mrudishie chupa yake.