Winnipeg na Senta wa Kukodi
Safu ya Hamid Bakari

Tangu mwaka 2011, timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Atlanta ilipohamishiwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, na kutwaa jina la Jets ambalo wenyeji walikuwa wamelililia kwa miaka kumi na mitano, meneja mkuu wake amekuwa mtu mmoja tu, Kevin Cheveldayoff. Na katika sehemu kubwa ya muda huo swali lililomkosesha usingizi limekuwa moja vilevile, nalo ni hili: nani atasimama katikati ya safu ya pili?

Kwa msomaji aliyeuona mchezo huu kwa mbali, yafaa nieleze kwamba washambuliaji kumi na wawili hugawanywa katika safu nne za watatu watatu, winga wawili na senta baina yao, na safu hizo hupokezana barafuni kila baada ya muda usiotimia dakika moja, kwa kuwa hakuna kifua cha binadamu kiwezacho kuihimili kasi ile zaidi ya hapo. Senta ndiye agombeaye kisahani mwamuzi anapokidondosha, ndiye arudiye nyuma kuwaauni mabeki, na aghalabu ndiye mgawaji wa pasi. Kwa hiyo timu yenye senta mmoja tu wa kuogopwa humrahisishia hasimu tadbiri yake, maana atawatuma mabeki wake hodari wamkabe huyo mmoja, na winga wa safu ya pili, hata wawe na mikono ya dhahabu, watakesha wakingojea pasi isiyofika.

Huko Winnipeg huyo mmoja ni Mark Scheifele, kijana wa kwanza kabisa kuteuliwa na klabu baada ya kuhama. Nyuma yake alisimama kwa miaka mingi Bryan Little, mchezaji mwaminifu na mtulivu, ambaye mwaka 2018 wakubwa wa klabu waliona hatoshi kwa safari ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi. Basi tarehe 26 Februari mwaka ule wakampata Paul Stastny kutoka St. Louis, na bei ilikuwa haki yao ya kuteua kijana katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa kila mwaka, chipukizi mmoja, na haki nyingine ndogo yenye masharti. Mimi ni katika wanaosema biashara ile ilistahili kila senti. Stastny, aliyekuwa na haki ya kukataa kuhamishwa na asiitumie, aliwekwa kati ya Patrik Laine na Nikolaj Ehlers. Safu ikapata uhai, Nashville waliokuwa vinara wa ligi nzima wakatolewa kwa michezo saba, na Jets wakafika fainali ya kanda ya magharibi, ambako Vegas waliwashinda kwa michezo mitano. Mei Vegas wakamfunga. Julai Vegas hao hao wakamwajiri.

Walakini lililokuwa hekima mara moja likageuzwa kuwa ada. Februari 2019 aliletwa Kevin Hayes kutoka New York, kwa haki nyingine ya raundi ya kwanza na winga kijana Brendan Lemieux, na timu ikatolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano na St. Louis, walionyanyua kombe lenyewe mwaka ule. Februari 2024 aliletwa Sean Monahan kutoka Montreal, kwa haki ya raundi ya kwanza tena, na Colorado wakaimaliza kazi kwa michezo mitano. Hayes akaenda Philadelphia, Monahan akaenda Columbus, kila mmoja na mkataba mnono ambao Winnipeg hawakuwa wa kuuandika. Huku ni kuweka shamba rehani ili kukodi jahazi kwa kaskazi moja, na kaskazi ikipusa jahazi hurejea kwa mwenyewe, ilhali shamba halirejei. (Haki ile ya mwaka 2019 ilirejea, nakiri, lakini ilirejea kwa kumtoa beki Jacob Trouba, na hiyo ni bei nyingine.)

Baina ya kukodi huko kulikuwa na msiba na fitina ya bahati. Novemba 2019 shuti la Ehlers, mwenzake mwenyewe, lilimpiga Little kichwani karibu na sikio, na hakucheza tena maishani. Januari 2021 Laine na senta kijana Jack Roslovic walitolewa kwa Columbus ili apatikane Pierre-Luc Dubois, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, ambaye kwa dhahiri alikuwa jibu la kudumu. Naye baada ya misimu michache akadhihirisha kwamba hana nia ya kuselelea. Hata hivyo, alipopelekwa Los Angeles mwaka 2023 klabu ilipata Gabriel Vilardi, Alex Iafallo, Rasmus Kupari na haki ya raundi ya pili. Tazama tofauti: aliyekuwa mali yao, hata alipoondoka, aliacha kitu nyumbani.

Wanaotetea ununuzi husema kwamba Winnipeg si mji wa kuchagua na kubagua. Ni mji mdogo, baridi yake hushuka hadi thelathini chini ya sifuri, na yasemekana wachezaji wengi wenye haki ya kukataa kuhamishwa huutaja miongoni mwa miji wasiyoitaka. Jamaa zetu wa Kongo na Burundi walioweka maskani huko watacheka, kwani wao wameistahimili baridi hiyo bila mamilioni. Watetezi hao husema pia kwamba Scheifele na kipa Connor Hellebuyck wote wamezaliwa 1993, na kwamba saa haimngoji mtu. Hoja ya kwanza naikubali, lakini naona inawahukumu walioileta: maadamu wageni hawakai, mtu hulea wa kwake. Uteuzi ule ule wa 2011 uliomleta Scheifele ndio uliomleta Adam Lowry, senta wa safu ya tatu, nahodha tangu 2023. Hao wawili hawajakwenda popote.

Na msimu wa 2024-25 ulitoa ushahidi ambao sijui utapuuzwaje. Katikati ya safu ya pili alisimama Vladislav Namestnikov, mtu asiye na makuu. Dirisha la uhamisho la Machi lilifungwa bila senta mpya, wakaja beki Luke Schenn na winga Brandon Tanev tu. Na timu ikakusanya pointi 116, nyingi kuliko klabu yoyote ya ligi. Katika mchezo wa saba dhidi ya St. Louis, Scheifele akiwa majeruhi nje ya barafu, Cole Perfetti aliyeteuliwa na klabu mwaka 2020 alisawazisha zikiwa zimesalia sekunde chache mno, na Lowry akafunga la ushindi katika muda wa pili wa nyongeza. Dallas wakawatoa baadaye, ndiyo. Lakini hata senta wa kukodi alikwisha kutolewa, tena mapema zaidi.

Mwaka 2025 alirudi senta Jonathan Toews, mzawa wa Winnipeg, mwenye makombe matatu ya Stanley aliyoyapata Chicago, akiwa na miaka 37 na baada ya misimu miwili nje ya mchezo kwa maradhi. Dola milioni mbili kwa mwaka mmoja si fedha ya kugombana nayo, na mji una haki ya kumshangilia mwanawe. Naomba tu asiwe pazia la kumfichia Brayden Yager, senta aliyeteuliwa wa kumi na nne mwaka 2023 na Pittsburgh, kisha akaletwa Agosti 2024 kwa kubadilishana na chipukizi Rutger McGroarty. Mwaka huo wa 2025 kijana alikuwa na miaka ishirini. Apewe mechi, na akikosea pasi Novemba, akapokonywa kisahani Januari, akasababisha bao Februari, basi na iwe, mradi Machi itakapofika haki ya kuteua ya raundi ya kwanza ingali sandukuni mwa Cheveldayoff.