Duyi moja ndani ya gari, mpunga ufike sokoni

Ndugu wanamemba wa koperative za Kasongo na Kabambare, kila msimu tunazungumza juu ya mbegu, magunia na bei ya mpunga. Juu ya sanduku la vifaa vya gari tunanyamaza, mpaka siku gari inakufa katikati ya njia na mvua inakuja.

Tuchukue kitu kimoja kidogo: kapteri ya presha ya mafuta ya injini, ile inayowasha taa nyekundu mbele ya shofere. Ikizeeka, inavujisha mafuta au inawasha taa bure. Kuibadilisha si kazi kubwa. Ubaya unatokea wakati wa kuitoa. Wengine wanaikamata na koleo, wengine wanaipiga na patasi. Pembe za kichwa zinalika, kapteri inakatika, kipande kinabaki ndani ya injini. Kitu cha feza kidogo kimekuwa deni la koperative nzima.

Dawa yake ni duyi ndefu, kikombe cha chuma chenye pembe sita ndani. Ncha ya umeme ya kapteri inaingia kwenye shimo lake, na pembe zote zinashikwa sawasawa. Gari ya esansi yenye sonda ya oksijeni kwenye bomba la moshi nayo ina duyi yake, mara nyingi namba 22, iliyopasuliwa ubavuni ili waya upite.

Lakini tusikimbilie kufungua. Taa ya mafuta ikiwaka, shofere azime injini hapo hapo, apime mafuta kwa kijiti. Mafuta yakiwa ya kutosha, fundi apime presha kwa manometa, sababu kapteri inaweza kuwa inasema kweli, na injini inayozunguka bila presha inajiua. Kapteri mpya nayo ianze kufungwa kwa vidole, kisha ikazwe kwa kiasi. Ikizidishwa nguvu, inapasua mahali inapokaa.

Wako watakaosema: hiyo ni kazi ya fundi, feza yetu ni ya majembe. Fundi tunamheshimu. Lakini akitufikia njiani bila kifaa cha kufaa, atafanya nini zaidi ya kutafuta nyundo? Na wamama waliokaa juu ya magunia, mpunga wao ukilowa na kuota, nani atawalipa?

Kwa hiyo tunasema hivi: kabla ya mavuno, kila komite yenye gari imuulize fundi namba ya kapteri ya gari ile. Inunuliwe duyi yake pamoja na kapteri moja ya akiba. Viandikwe kwenye daftari la mali ya koperative, vikae ndani ya gari, na shofere atie sahihi kila anapoondoka na kila anaporudi. Jambo hili liletwe kwenye mkutano mkuu ujao, tulipigie kura.