Binamu wa Minnesota si posta

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Nataka tuzungumzie jambo linalotusumbua hapa Nyamira sisi tunaonunua vitu kwenye intaneti: yule muuzaji anayekuonyesha kitu unachokitafuta, kwa bei unayoiweza, halafu ukifika kwenye ukurasa wa malipo anakwambia hatumi mizigo nje ya Marekani.

Maoni yangu nayatoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nayo. Shida ya pesa imekwisha, iliyobaki ni ya anwani. Na anwani tunazoazima kila siku, zile za jamaa zetu walioko ng'ambo, zina gharama. Tuzilipie.

Pesa kwanza. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kazi yake ilikuwa kutuma hela nyumbani. Mwaka 2022 Safaricom na Visa walileta GlobalPay, kadi isiyoshikika, ambayo namba zake unazipata kwenye simu. Leo mtu wa Kebirigo anaweza kumlipa muuzaji wa Ohio akiwa shambani anachuma chai. Pesa inavuka bahari kwa sekunde chache, lakini katoni inabaki palepale.

Kwa nini muuzaji anakataa? Wengi husema anatudharau. Mimi nimewahi kuandika programu za malipo, na naona sababu nyingine. Duka la Marekani hulinganisha anwani aliyoandika mnunuzi na ile ambayo benki inayo kwenye kadi. Ukaguzi huo hufanya kazi hasa Marekani, Kanada na Uingereza. Kadi ya kwetu mara nyingi hairudishi jibu lolote. Kadi ikiwa ya wizi, mwenye kadi hurudishiwa pesa zake, na muuzaji hupoteza pesa na mali pia. Duka dogo linalopata faida ya dola tano kwa kila kitu haliwezi kubeba hasara ya namna hiyo, basi linafunga mlango kwa nchi nzima. Inauma, lakini ni hesabu.

Fomu zenyewe nazo ni kichekesho. Wengi wetu tuna sanduku la posta, hatuna namba ya nyumba. Msimbo wa posta wa Nyamira ni 40500, tarakimu tano kama za Marekani, kwa hiyo fomu iliyoandikwa kivivu inaumeza bila kulalamika. Kumbe kule 405 za mwanzo ni za Lexington, Kentucky! Waandishi wa programu wenzangu, tafadhali: uliza nchi kwanza, halafu ndipo ukague msimbo.

Basi, tukishindwa, tunampigia binamu.

Kila mtu hapa anajua Minnesota kuliko anavyojua Mandera. Abagusii wengi wanaishi kule, Minneapolis na vitongoji vyake kama Brooklyn Park, na wengi wao ni wauguzi na watunzaji wa wazee. Ombi letu linaonekana dogo: "Nitumie tu anwani yako, kitu kifike hapo, ukija Desemba unibebee." Kwake si dogo hata kidogo. Anatoka zamu ya usiku, katoni iko mlangoni, afungue, apime, apange, ampigie muuzaji ikiwa kitu kimevunjika. Akisafiri, mashirika mengi ya ndege humruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na kilo hizo zimeshagawanywa kwa watu kumi kabla hajaweka nguo za watoto wake.

Jirani yangu hushona sare na kudarizi nembo za shule. Bodi ya mashine yake iliungua Oktoba, na nyingine ilipatikana kwa muuzaji mmoja tu, ndani ya Marekani. Binamu yake alikubali kuipokea, kisha akanyamaza wiki tano. Januari ikafika, shule zikafunguliwa, kazi ikaenda kwa washonaji wa Kisii. Sasa hawa wawili hawasalimiani. Nilipozungumza na binamu kwa simu, aliniambia katoni ilikuwa moja kati ya tisa chini ya kitanda chake, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaitunzaje.

Wazee wetu walikuwa na egesangio: leo tunalima shamba langu, kesho lako. Hakuna aliyekaa kivulini huku wengine wakilima. Tunachowafanyia hawa wa ng'ambo ni kulimiwa kila siku bila sisi kushika jembe.

Napendekeza hivi. Kitu kidogo, chepesi na cha dharura, mwombe ndugu, lakini mtumie malipo ya kazi yake pamoja na ombi, na umpe tarehe anayoweza kukataa. Kingine chochote, mpe wakala wa kusafirisha mizigo. Mawakala hawa hukupa anwani ya ghala lao kule na namba yako ya mteja, wanapokea katoni, wanaileta Nairobi, na kutoka hapo inapanda matatu hadi Nyamira kama kifurushi kingine chochote.

Kabla ya kubofya, piga hesabu yote. Tuseme kitu ni dola 100 na usafiri dola 30: jumla 130. Ushuru wa forodha ukiwa asilimia 25, ongeza 32.50, unapata 162.50. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya hiyo, yaani dola 26. Umefika 188.50, na bado kuna ada ya tangazo la uagizaji na tozo ya reli. Wakala anayekutajia bei moja kwa kilo, muulize kama ushuru umo ndani. Muulize pia kama anapima uzito au ukubwa, maana katoni kubwa ya mto wa kulalia inaweza kulipiwa kuliko tofali.

Mambo mengine matatu. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, pamoja na chaja za kubebea, haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240, basi soma kibandiko. Na usimwambie ndugu aandike "zawadi" au bei ya uongo, kwa sababu jina lililo kwenye karatasi ni lake, siyo lako.

Najua mtaniambia kwamba ndugu ni ndugu, na kumlipa ni kumfanya mgeni. Mimi naona kinyume. Aliyelipwa anaweza kusema "wiki hii siwezi" bila kuogopa kuitwa mchoyo. Asiyelipwa hunyamaza, na ukimya wake ndio unaovunja nyumba. Yule jirani yangu bado anahitaji bodi, na safari hii tumempa wakala.

Mwasemaje?