Sungusungu Wasuluhishe, Wasihukumu

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakawa tishio kubwa katika Mkoa wa Shinyanga. Polisi walikuwa wachache, tena mbali. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na jirani zao walipojiundia ulinzi wa sungusungu, kwa upinde na filimbi, wakiongozwa na mtu waliyemwita mtemi, ijapokuwa utemi ulikwisha kufutwa na Serikali mwaka 1963. Mwalimu Nyerere na Chama waliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata wahalifu.

Haina ubishi kwamba umoja huo ulileta utulivu, na jirani waliokosana walipatanishwa mbele ya wazee. Nguvu yake kubwa imo katika kutenga: aliyekaidi uamuzi hasaidiwi shambani, hapewi moto, wala msiba wake hauhudhuriwi.

Lakini kutenga nako ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, pengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni. Bibi wa namna hiyo akitengwa na kijiji kizima, nani atamlinda usiku? Na kwenye machimbo ya dhahabu, waliko watu wa kila mkoa, mgeni asiye na ndugu atajiteteaje mbele ya baraza la wenyeji?

Hatusemi sungusungu wavunjwe. Sisi wa Visiwani tunaithamini hekima ya wazee. Vijiji vya kusini mwa Unguja vilikuwa na watu wanne waliosimamia mambo ya ardhi kwa mashauriano. Kinachotakiwa ni mpaka ulio wazi. Mwaka 2021 sheria iliyaachia mabaraza ya kata kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, si kuihukumu. Sungusungu nao wafuate njia hiyo: wakamate na kukabidhi kwa polisi, wapatanishe walio tayari kupatana, wasitoze faini, wala wasimtenge mtu kwa tuhuma za uchawi. Viongozi wa wilaya nao wahudhurie mikutano yao, wasingoje habari za mauaji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa umeonekana, wenye dhamana wauzibe.